Mguu Mwepesi wa Baba Mkubwa

Nilikanyaga klachi, pedeli ikashuka nzito kama nimekanyaga donge la unga. Nikaingiza gia, giaboksi ikalia krrrr, na uwanja mzima wa tanuri la mikate ukasikia. Nikaondoa mguu. Pedeli haikurudi. Ilibaki imelala kule chini mpaka nilipoichokoa kwa ncha ya kiatu, ndipo ikapanda pole pole, kama mgonjwa anayeinuliwa kitandani.

“Kimya, leo unasaga nini? Mahindi au ngano?” akaniuliza dereva mmoja kwa sauti ya kusikiwa na wote.

“Anasaga gari la watu,” akajibu mwenzake.

Wakacheka. Kimya ni mimi. Jina hilo walinipa mara tu nilipoanza kazi kwa sababu naangalia sana na kusema kidogo. Nilikanyaga na kuachia, nikakanyaga na kuachia, kama anayejaza baiskeli upepo, mvuke ukinitoka mdomoni na vidole vya miguu vimeshakufa ganzi. Nyuma yangu mikate ilikuwa imepangwa kwenye kreti, bado inanukia. Magari mengine yalikwisha toka getini. Gia ilipokubali, jua lilikuwa limepanda juu ya paa, na wenye maduka walikuwa wamekwisha nunua mikate ya watu wengine.

Niliporudi kutoka kwenye mzunguko wangu, pedeli ilikuwa laini. Ndivyo ilivyokuwa kila siku tangu baridi ianze: asubuhi inanitia aibu, adhuhuri inajifanya haijui lolote.

Siku hiyo Mama Mikate alikuwa ananisubiri kwenye ngazi za ofisi, shuka limezungushwa mabegani. Tanuri ni lake, magari ni yake, na ukali ni wake pia. Pembeni yake alisimama Fundi, na Baba Mkubwa.

Huyu Baba Mkubwa ni baba mkubwa wangu wa kweli, kaka yake baba yangu, na ndiye dereva wa zamani kuliko wote pale. Gari lake na langu ni pacha. Yalinunuliwa pamoja, rangi moja, mtengenezaji mmoja. Moja alipewa yeye, jingine akapewa baba, naye akaliendesha mpaka macho yake yalipofifia. Mimi wakati huo nilikuwa nafanya kazi chumba cha kufungia mikate, na leseni ninayo. Mama Mikate akanikabidhi ufunguo. Baba Mkubwa hakupenda. Alitaka mwanawe, ambaye kwangu ni kaka, ndiye arithi lile gari, na tangu siku hiyo hakuacha kusema kwamba usukani si mwiko wa kukorogea uji.

“Duka la kona wamekataa mikate,” akasema Mama Mikate. “Wamesema wamechoka kungoja. Kuna nini?”

“Klachi, mama. Asubuhi inakwama.”

“Si Fundi alibadilisha sahani ya klachi juzi juzi tu?”

“Nilibadilisha,” akasema Fundi, akifuta mikono kwenye kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. “Sahani ni nzima. Mengine muulizeni anayekanyaga.”

“Ni baridi, mama,” nikasema. “Mchana iko sawa. Njoo uikanyage sasa hivi utaona.”

Baba Mkubwa akacheka mpaka akakohoa. “Gari nalo linasikia baridi? Basi lishonee sweta! Mama, sikiliza. Klachi ni mguu. Langu si pacha wa lile? Lililala wapi jana, si uwanja huu huu? Baridi si ile ile? Umewahi kusikia langu likilia? Mimi mguu wangu mwepesi. Huyu mtoto ana mguu mzito, kama baba yake.”

Mama Mikate aliniangalia. Si mtu mbaya, ila mikate iliyolala haina rafiki. “Kesho,” akasema. “Kesho ukichelewa kutoka getini, ufunguo utauweka mezani kwangu mwenyewe, nimpe kaka yako. Wewe rudi kufunga mikate.”

Baba Mkubwa alirekebisha tu kofia yake, kama mtu aliyemaliza kula.

Nilikwenda nyumbani kupumzika kama tufanyavyo madereva wote baada ya mzunguko wa asubuhi. Baba alikuwa jikoni, ameketi karibu na jiko, mikono yote miwili imeshika kikombe. Siku hizi anaona vivuli tu, lakini hatua zangu anazijua.

“Leo umeingia kwa hasira,” akasema. “Mlango umeupiga.”

Nikamweleza. Nilipofika kwenye pedeli, akaweka kikombe chini.

“Inashuka nzito,” akasema, “halafu hairudi mpaka uibembeleze?”

“Ndiyo, baba.”

“Na ukiipampu sana inakubali. Na jua likiwaka inapona.”

“Umejuaje?”

Chupa ya mafuta ya kupikia ilikuwa pale kando ya jiko nilipoiweka asubuhi ili yayeyuke, maana kwa baridi ile mafuta yalikuwa yameganda kama mshumaa. Baba akaipapasa, akaisogeza isiungue, akaipapasa tena.

“Hata mimi ilikuwa hivyo,” akasema. “Kila majira ya baridi. Kaka akaniambia mguu wangu mzito. Tangu utoto alikuwa akisema nina mkono mzito, basi nikaona ah, kumbe na mguu. Nikawa naamka kabla ya wote, nifike uwanjani mapema, niipampu peke yangu ili wasisikie ikilia.”

“Miaka yote hiyo?”

“Miaka yote hiyo. Mama yako alidhani napenda kazi.”

Alicheka kidogo, lakini mimi sikucheka. Nilikuwa namkumbuka nilipokuwa mdogo, akivaa koti gizani, akitoka kwa kunyata asituamshe. Nilidhani ndivyo baba wote wafanyavyo.

“Baba, hukuwahi kujiuliza kwa nini mchana inapona? Mguu wako ulikuwa unapungua uzito saa sita?”

“Nimuulize nani? Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha.” Akatafuta kikombe chake kwa kiganja. “Mwanangu, nenda kamwombe radhi baba yako mkubwa. Atazungumza na mama yule. Mwenye nguvu mpishe.”

“Nimeshampisha, baba. Nimempisha mpaka nikaegesha kona ya tangi, pale getini. Nikimpisha tena nitakuwa nje ya geti.”

Ndipo, nikiwa bado nimesimama pale, nikaielewa maana ya wale paka wa uwanjani.

Uwanja wetu hauna mistari iliyopakwa rangi, lakini kila dereva anajua pake, na mahali hupangwa kwa ukongwe. Baba Mkubwa huegesha nyuma ya tanuri, pua ya gari imeuelekea ukuta kiasi cha kuubusu. Husema anapenda kukuta kiti hakijapoa. Baba yangu, mdogo wake, alipewa kona ya tangi la maji, karibu na geti, mahali upepo unapopita kama umeitwa, na mimi nikairithi kona pamoja na gari. Tanuri huwaka usiku kucha. Nami kila asubuhi nilikuwa nawaona paka wa pale wakitoka chini ya boneti ya Baba Mkubwa wakijinyoosha, wamelala vizuri kuliko mimi. Hakuna anayewalisha pale. Chini ya boneti yangu hajawahi kulala hata panya.

Klachi ya magari yale haivutwi na waya. Inasukumwa na mafuta, yanayopita kwenye mrija kutoka silinda ya juu, karibu na pedeli, kwenda silinda ya chini kwenye giaboksi, na humo ndani kuna mipira midogo inayozuia mafuta yasipenye. Hayo Fundi mwenyewe aliyasema siku alipokuwa akibadilisha sahani, nami nimesimama pembeni naangalia. Mafuta ni mafuta. Kama ya jikoni yanaganda, ya klachi yatakosa kuwa mazito? Na mpira ukipigwa baridi usiku kucha, utakosa kukakamaa?

“Unakwenda wapi? Hujala,” akasema baba.

“Kuegesha gari.”

Baba Mkubwa huwa na safari moja ya alasiri, kupeleka mikate shuleni, kwa hiyo nilipofika ukuta ulikuwa mtupu. Nililitoa gari langu kona ya tangi, nikalizungusha, nikaliingiza pua mbele mpaka karibu liguse matofali. Niliposhuka, nikaweka kiganja ukutani. Joto. Joto la kutuliza, kama mgongo wa mtoto aliyelala.

Mlinzi alikuja mbio mbio, rungu kwapani. “Binti, hapo pana mwenyewe.”

“Najua.”

“Unajua, halafu unaegesha?”

“Ndiko kujua kwenyewe.”

“Mimi simo,” akasema, akarudi kwenye kibanda chake. Lakini alisimama mahali anapoweza kuona vizuri.

Baba Mkubwa aliingia, akanikuta nimekaa kwenye kreti tupu mbele ya gari langu. Akapiga honi. Sikuondoka. Akapiga ndefu, mpaka wapakiaji wakatoka na unga kwenye nyusi. Akashuka.

“Toa hilo gari.”

“Shikamoo, Baba Mkubwa.”

“Sikuja kuamkiwa. Toa gari!”

“Leo sitoi.”

Sikuwahi kumwambia hapana mtu ambaye baba yangu humwita kaka. Kwa mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga, neno lile lilikuwa linachoma hata mimi niliyelisema.

“Unasemaje?”

“Nasema leo nalala hapa mimi. Gari langu, yaani. Lako lilale kona ya tangi. Usiku mmoja tu.”

“Mimi naegesha hapo tangu wewe hujazaliwa!”

“Ndiyo, na tangu sijazaliwa klachi yako haijalia. Ni mguu wako, si ukuta. Umesema mwenyewe mbele ya Mama Mikate. Basi mguu si unaondoka nao? Hutauacha ukutani.”

Mpakiaji mmoja akasema “Weee!” halafu akajifanya anakohoa. Dereva aliyeniuliza asubuhi kama nasaga mahindi alikuwa anaosha vioo vyake. Akaacha kitambaa kikidondosha maji viatuni mwake.

Nilimwona Baba Mkubwa akitafuta pa kupita. Akisema anautaka ukuta, amekubali kwamba ukuta una kazi. Akisema hautaki, basi kona ya tangi ile pale inamngoja.

“Kiti changu kitapoa,” akasema mwishowe.

“Nitakuletea blanketi.”

Hapo hata mlinzi alicheka. Baba Mkubwa akaninyooshea kidole. “Umekosa adabu, wewe mtoto. Baba yako hakuwahi hata kuinua macho mbele yangu.”

“Ndiyo. Hakuwahi.”

Akaingia garini, akaubamiza mlango, akarudi rivasi kwa kasi mpaka kona ya tangi. Kabla ya kuondoka alinipitia karibu. “Kesho aibu itakuwa yako, mbele za watu. Na ufunguo ukikutoka usije kwangu kulia.”

“Thubutu,” nikasema. Sikulisema kwa sauti kubwa. Lakini nililisema.

Baridi ya asubuhi iliyofuata ndiyo iliyokuwa kali kuliko zote. Bomba la tangi lilikuwa limening'iniza ncha ya barafu, na nyasi za pale getini zilikatika chini ya viatu kama maganda ya mayai. Paka walikuwa wamehama. Nilipogonga boneti yangu walitoka mmoja mmoja, wananitazama kama mwenye nyumba mkorofi.

Kila mtu alipata kisingizio cha kuwa uwanjani. Mama Mikate alisimama ngazini. Kaka yangu naye alikuwepo, amevaa koti jipya la kuendeshea, hakuniangalia usoni.

Nilipanda. Nikawasha injini, nikaiacha ipumue kidogo. Kisha nikakanyaga klachi.

Ilishuka. Ikashuka yote, laini, na nilipoachia ikanifuata mguu juu kama mtoto anayeshika gauni la mama. Nikakanyaga tena, nikaweka rivasi. Tak. Hakuna aliyesikia kitu, kwa sababu hapakuwa na cha kusikia.

Halafu, kutoka kona ya tangi: krrrrrr.

Uwanja mzima uligeuka. Baba Mkubwa alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Krrrr, mara ya pili, ndefu zaidi. Nikaona bega lake likipanda na kushuka, anaipampu, na kwa kupitia kioo nikaona kichwa chake kikiinama, anachungulia pedeli ambayo haikurudi. Hakuna aliyemuuliza anasaga nini. Dereva wa mahindi na ngano aliangalia viatu vyake.

Sikufurahi kama nilivyodhani. Mgongo ule ulioinama niliujua. Ulikuwa mgongo wa baba yangu, ila huyu alikuwa na watu wa kumtazama.

Baba Mkubwa akatoka nje. “Amelifanya nini gari langu? Mama, huyu ameliharibu! Ameingia usiku!”

“Hajaingia mtu,” akasema mlinzi. “Na mimi sikusinzia, nilikuwa nangoja kuona.”

“Basi kuna kitu! Kuna kitu amefanya! Mnyang'anyeni ufunguo kwanza, halafu tuchunguze!”

Kaka yangu akapita nyuma ya gari kuja mlangoni kwangu. Mama Mikate akashuka ngazi moja, mkono mbele. “Kimya, zima gari. Lete ufunguo tuone kwanza hili ni jambo gani.”

Kreti zilikuwa zimejaa nyuma yangu. Mikate ilikuwa ya moto. Nikateremsha kioo.

“Mama, jana ulisema nikichelewa natoa ufunguo. Nikizima hapa nitachelewa. Sizimi.”

“Nimesema lete—”

“Nikirudi nitakuja na kreti tupu, na maneno yote nitayasikiliza. Sasa hivi nina mikate. Kaka, toka nyuma ya gari, sioni vizuri pembe hiyo.”

Kaka akamwangalia baba yake. Akaangalia taa zangu za nyuma. Akasogea.

Nikatoka rivasi, nikageuza, nikaweka gia ya kwanza, ya pili, na mlinzi, ambaye alisema yeye hamo, alikuwa amekwisha fungua geti.

Duka la kona nililikuta halijamaliza hata kufungua madirisha. Mwenye duka akasema, “Leo umeota nini?” Nikampa mikate, nikaenda.

Niliporudi, boneti ya Baba Mkubwa ilikuwa imefunguliwa na Fundi amezama humo nusu ya mwili. Akaniomba nifungue na yangu. Akatoa kifuniko cha kichupa cha mafuta ya klachi, akachovya kidole. Kikatoka cheusi kama masizi.

“Haya hayajabadilishwa tangu gari liwe gari,” akasema, kwa sauti ya chini. “Yamenywa maji. Na mipira ya silinda imechoka. Baridi ikiingia tu, basi.” Akakohoa. “Nitabadilisha mafuta, niweke mipira mipya, nitoe upepo kwenye mirija. Yote mawili.”

“Na mguu?” nikamuuliza.

“Mguu gani?”

“Jana ulisema wamuulize anayekanyaga.”

Akarudisha kichwa ndani ya boneti.

Mama Mikate aliniita ofisini. Alianza kunigombeza kwa kutozima gari alipoamuru, na alinigombeza kisawasawa, sikukatiza hata neno. Alipomaliza akasema mwenye duka la kona amepiga simu anataka mikate kama kawaida. Kisha akasema, “Mwambie kaka yako aende kwao, koti lile ataliendeshea kitu kingine.” Nikamwambia amwambie mwenyewe. Akanitazama, halafu akaenda akamwambia.

Baba Mkubwa alikuwa ameketi juu ya kreti, kofia magotini. Bila kofia alikuwa mzee kuliko nilivyomjua.

“Haya,” akasema. “Ukuta umeuchukua. Si ndicho ulichokitaka? Kaa nao.”

“Sikuutaka ukuta, Baba Mkubwa. Nitakurudishia leo leo.”

“Basi ulitaka nini?”

“Nenda nyumbani kwetu ukamwambie baba kwamba mguu wake haukuwa mzito.”

Alinyanyua uso. “Mimi ni mkubwa wake.”

“Ndiyo. Wewe ndiye uliyemwambia, na maneno yako ndiyo atakayoyaamini.”

“Mambo ya zamani hayo. Siku hizi hata gari haendeshi.”

“Alikuwa anaamka kabla ya watu wote ili usimsikie.”

Baba Mkubwa alizungusha kofia mikononi, mara upande huu, mara upande ule. Nilingoja. Kungoja ndiyo kazi niijuayo. Wapakiaji walipita na magunia ya unga, wakapita tena mikono mitupu. Mwisho akavaa kofia.

“Siku nikipata nafasi,” akasema, akaenda zake. Si upande wa nyumbani kwetu.

Nikapanda gari langu. Nikaliwasha, nikalizungusha pale uwanjani huku madereva wote wakinitazama nitalipeleka wapi. Nikaliingiza pua mbele mpaka karibu liguse matofali ya tanuri, nikalizima, nikafunga milango.

Mlinzi akanijia taratibu. “Nilisikia umesema unamrudishia ukuta leo.”

“Nilisema. Na yeye asikie kwamba nimebadilisha nia. Siku akipata nafasi ya kuzungumza na baba, nami nitapata ya kumrudishia ukuta.”

Nikatia ufunguo mfukoni, nikaenda nyumbani kula na baba.